Bahasha za Kikatiti

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, dodoso la kurasa sita, na mwanamke nisiyemjua wa kumhoji. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya jirani, ameombwa ajifanye mjane. Mratibu wetu aliketi nyuma yangu na penseli. Nilipomaliza, nikiwa na hakika kwamba nimefanya vizuri, alinigeuzia karatasi yake. Ilikuwa imejaa vijistari, kama vya mtu anayehesabu magunia. Kila kijistari kilikuwa mara moja niliyotikisa kichwa.

"Mara zote hizi umemwambia kwamba amejibu sawasawa," alisema. "Hapa hakuna jibu la sawasawa. Wewe lipokee jibu lilivyo. Haya, rudia."

Nilirudia siku nzima, mpaka yule mama wa jirani akachoka kuwa mjane. Nilirudi nyumbani shingo imekakamaa kwa kuizuia isicheze.

Naitwa Anaeli Kaaya. Baba yangu alikuwa Mmeru na mama yangu Mwarusha, kwa hiyo nilikua nikisikia Kimeru upande mmoja wa nyumba na Kimaa upande wa pili, Kiswahili nikakikuta shuleni. Nilisomea ualimu, nikakaa muda mrefu bila kupangiwa kituo, hadi jirani aliponiambia kuna ofisi mjini Arusha inatafuta watu wanaojua lugha hizo tatu na wasioogopa kutembea. Nikaenda, msichana bado, kwa nia ya kushika kazi ya miezi mitatu. Nimestaafu humo humo, nikiwa msimamizi wa takwimu.

Vijana huniuliza kazi yenyewe ilikuwa nini. Watu wengi wakisikia saikolojia hufikiri tulikuwa tunatibu. Hatukutibu mtu. Sisi tulipima. Mtu akija na njia ya kuwasaidia wenye huzuni, au ya kufundisha watoto kukumbuka, sisi tulitafuta kujua kama njia hiyo inafanya kazi kweli au inapendeza tu masikioni. Kusema hivyo ni rahisi. Kuutafuta ukweli wenyewe ndiko kulikonila miguu.

Mratibu aliitwa Mama Urio. Alikuwa nesi miaka mingi kabla ya kuja kwenye utafiti, mwanamke mnene, mpole, mwenye mkoba mweusi usiokosa vidonge vya kichwa na biskuti. Alinifundisha karibu kila ninachokijua. Aliyekuwa juu yake ni Mtafiti Mkuu, mhadhiri wa chuo kikuu, tuliyemwita Daktari. Huyu alikuja Arusha kila baada ya wiki chache, akasoma karatasi zetu akiwa amesimama, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Terrat. Huko nilijifunza kwamba swali linaweza kuharibika njiani kama maziwa. Dodoso letu lilitoka kwenye Kiswahili cha vitabuni, na wanawake wengi tuliowahoji walitaka Kimaa. Kwa hiyo mtu mmoja alilitafsiri kwenda Kimaa, na mtu mwingine ambaye hajaona maandishi ya mwanzo akalirudisha kwenye Kiswahili, halafu tukalinganisha. Tuliiita tafsiri ya kurudisha. Mimi niliona ni kupoteza muda, mpaka swali letu la "Je, umekosa matumaini?" liliporudi likiuliza, "Je, umekosa chakula cha kutegemea?" Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma. Tulikuwa tayari tumeanza kuhoji, na wanawake wote walikuwa wamejibu ndiyo. Tulikuwa tumepima ukame tukidhani tumepima huzuni. Tulitupa majibu yote ya Terrat na kwenda upya nyumba kwa nyumba. Mama Urio hakulalamika hata mara moja. Alinunua viatu vipya vya mpira na kusema twende.

Baada ya miaka kadhaa ndipo ulipokuja utafiti wa wajane.

Kulikuwa na vikundi vya faraja: wajane walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki nane, pamoja na mlezi aliyefundishwa kuongoza mazungumzo. Kila aliyeviona alivisifu. Lakini huzuni ya kufiwa, kwa wengi, hupungua yenyewe siku zinavyokwenda. Ukimweka mjane kwenye kikundi leo, ukamkuta baada ya miezi sita anacheka, utajuaje kama ni kikundi kilichomsaidia au ni siku tu zilizopita? Ili ujue, unahitaji wajane wengine wanaofanana nao ambao bado hawajaingia. Hilo ndilo kundi la ulinganisho. Kwetu waliitwa wa kusubiri, kwa sababu tuliwaahidi kikundi baada ya miezi hiyo sita, na kila mmoja alielezwa hivyo mapema kabla ya kutia sahihi au dole gumba.

Na nani aingie kwanza, nani asubiri? Hapo ndipo ulipo moyo wa kazi yetu. Ukichagua mwenyewe, hata kwa nia njema, makundi yatatofautiana tangu mwanzo, na mwishoni hutajua unalinganisha nini na nini. Kwa hiyo tuliachia nasibu. Kila mjane alipewa bahasha kwa zamu. Ndani mlikuwa na karatasi yenye neno moja, FARAJA au SUBIRI. Bahasha zilifungwa ofisini, zikachanganywa, zikapewa namba. Upande wa Oldonyo Sambu nilizigawa mimi. Upande wa Kikatiti alizigawa Mama Urio.

Sitasahau bahasha moja ya Oldonyo Sambu. Mama Nasieku alikuwa amemzika mumewe kiangazi kile kile. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi mpaka ndani ya nyumba, na yeye alikuwa ameacha kulifagia. Aliniomba nimsomee karatasi. Nikamsomea: subiri. 

"Mwanangu," aliniambia, "ukinitazama hivi, mimi ni mtu wa kusubiri?"

Kwenye begi langu mlikuwa na bahasha nyingine nyingi. Hakuna aliyekuwa ananiona. Nilimwambia ukweli, kwamba si mimi niliyechagua na si mtu yeyote, na kwamba zamu yake itafika. Aliingia ndani, na mimi nikateremka hadi barabarani nikijiona kama nimeiba. Lakini bahasha sikuibadilisha.

Miezi sita ilipita. Wahojaji wengine, ambao hawakuambiwa nani yuko kundi gani ili macho yao yasiegemee upande, walikwenda kuwahoji wajane wote upya. Mimi wakati huo nilikuwa nimepandishwa kuwa msimamizi wa takwimu, kwa hiyo karatasi zote zilipitia mezani kwangu. Matokeo yalituduwaza. Kikatiti, waliopata faraja walikuwa na hali mbaya kuliko waliosubiri.

Daktari alikuja haraka kuliko kawaida yake. Alisema huenda vikundi vinatonesha vidonda badala ya kuviponya. Alianza kuandika ripoti. Tulijua ripoti hiyo inangojewa na watu waliotaka kuamua kama vikundi vipelekwe wilaya nyingine au vifungwe kabisa. Kwa jinsi alivyokuwa anaandika, vingefungwa.

Moyo wangu ulikataa. Nilichukua karatasi za mahojiano ya mwanzo kabisa, yale ya kabla ya bahasha, nikazipanga sakafuni kijiji kwa kijiji. Kama nasibu imefanya kazi yake, siku ya kwanza makundi mawili yanatakiwa yafanane, wenye huzuni nzito na nyepesi wamechanganyika kama mahindi na maharage kwenye kande. Za Oldonyo Sambu zilichanganyika hivyo. Za Kikatiti hapana. Wenye alama nzito za huzuni walikuwa karibu wote kwenye faraja, na wenye alama nyepesi walikuwa karibu wote kwenye kusubiri. Nilihesabu mara tatu nikitamani nimekosea.

Halafu nikaenda kabatini nikachukua bahasha iliyobaki, ile ya kawaida nyeupe ya barua, nikaisimamisha kwenye kioo cha dirisha. Jua la saa nne lilikuwa limepiga. Nilisoma FARAJA bila shida yoyote.

Mama Urio alikuwa anamimina chai chumba cha pili. Nilifunga mlango nikamwambia, "Mama, bahasha zinasomeka."

Aliweka chupa chini, akakaa. Nikaona aibu ya kusimama mbele yake kama hakimu, nami nikakaa.

"Najua," alisema.

Akanieleza. Wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto wa kunyonya, aliyeacha kupika na kuoga. Mama Urio aliiangalia bahasha yake juani kwa udadisi tu, akaona SUBIRI, akashindwa kuitoa. Akampa iliyofuata, yenye FARAJA, na ile ya SUBIRI akamwekea mwingine aliyeonekana na nafuu. Baada ya huyo wa kwanza, wa pili hakuwa mgumu. Hakuwa amepata faida yoyote wala hakutafuta sifa. Alikuwa anawaonea huruma.

"Nilikuwa nesi, Anaeli," aliniambia. "Nesi hamwachi anayevuja damu nje akamwingiza aliyejikwaa."

Nilimwuliza kama ameona Daktari anaandika nini. Nilimwonyesha kwenye karatasi zile kwamba waliopata faraja walionekana na hali mbaya mwishoni kwa sababu walianza na hali mbaya zaidi, na yeye ndiye aliyewakusanya huko. Vikundi vilikuwa vinaelekea kufungwa kwa sababu ya huruma yake. Nadhani hilo hakuwa amelifikiria kabisa. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaniomba nisiseme lolote hadi ripoti itoke, naye atastaafu kimya kimya.

Huyu ndiye aliyenifundisha kushika penseli ya kazi hii. Alikuja kwenye msiba wa baba yangu akapika siku tatu. Nilimwambia siwezi, na kwamba afadhali twende kwa Daktari wote wawili. Alikataa kuja. Nikaenda peke yangu.

Daktari alisikiliza akiwa amesimama, kama kawaida. Alikasirika, lakini hasira ikageuka haraka kuwa hesabu. Alisema zipo njia za kitakwimu za kusawazisha tofauti za mwanzo, au tungeondoa Kikatiti tukaandika Oldonyo Sambu peke yake. Nilimjibu kwamba alama za dodoso ndizo tunazoweza kusawazisha, lakini Mama Urio hakuchagua kwa alama. Alichagua kwa macho. Alichokiona hakimo kwenye karatasi yoyote, kwa hiyo hakuna hesabu itakayokifikia. Na Oldonyo Sambu peke yake wajane walikuwa wachache mno kutuambia lolote.

"Unajua unachoniomba?" alisema. "Unaniomba nianze upya."

"Ndiyo, Daktari."

"Na nikikataa?"

Kila ripoti ilikuwa na fomu ya ubora, na fomu hiyo ilihitaji sahihi ya msimamizi wa takwimu. "Sitatia sahihi," nilisema, "na nitaandika kwa nini sikutia."

Sauti yangu ilitoka imara kuliko nilivyojisikia. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na sikuwa na kazi nyingine. Daktari alichukua karatasi zote akaenda nazo hotelini kwake. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne alirudi, akavuta kiti, akakaa. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona ameketi ofisini kwetu. Alisema amezihesabu mwenyewe na hakuna njia nyingine. Alimwita Mama Urio, na mbele yangu hakumfokea. Alimwambia tu kwamba wajane wa Kikatiti wanapaswa kuelezwa, na anayestahili kuwaeleza anamjua.

Tulikutana nao kwenye ukumbi wa kanisa pale Kikatiti. Walikuja wengi, waliopata faraja na waliosubiri. Mama Urio alisimama akasema yote bila kuzunguka: bahasha, jua, na jinsi alivyochagua. Nilidhani waliosubiri watapiga kelele. Hakukuwa na kelele. Mwanamke mmoja mrefu, Mama Ndeshi, aliyekuwa akiuza ndizi pale barabarani, ndiye aliyenyanyuka. Alikuwa msafi, nguo zimepigwa pasi, amefunga kilemba chake vizuri.

"Kwa hiyo sisi tuliosubiri," alisema taratibu, "tulisubiri kwa sababu tulikuficha machozi?"

Mama Urio alishika meza. "Ndiyo. Nilitazama nyuso."

"Siku ulipokuja kwangu nilikuwa nimenawa uso kwa ajili yako, kwa kuwa u mgeni," alisema Mama Ndeshi, akakaa.

Katika miaka yangu yote ya semina na mafunzo, hakuna mwalimu aliyenieleza sababu ya nasibu vizuri kuliko mama yule. Sisi hudhani huruma inaona. Huruma humwona anayelia. Aliyenawa uso haimwoni. Nasibu haioni mtu yeyote, kwa hiyo haimnyimi zamu kwa kosa la kujikaza. Tangu siku ile sikuwahi kuona tena kwamba bahasha ni kitu cha kikatili.

Waliosubiri wote, Kikatiti na Oldonyo Sambu, waliingizwa kwenye vikundi wiki ile ile. Mama Nasieku naye akaingia. Kisha tukaanza upya na wajane wengine katika vijiji vya jirani.

Safari hii tulikubaliana kwamba hakuna mmoja wetu atakayegusa bahasha kabla ya saa yake. Nilikwenda kwa Bwana Gurdip, Kalasinga mwenye duka la karatasi mjini, ambaye ukoo wake umeuza madaftari Arusha tangu enzi za babu yake. Hakumjua mjane hata mmoja wa kwetu, na hilo ndilo nililolitaka. Nilimpa orodha ya nasibu iliyotengenezwa na Daktari. Yeye akachagua bahasha nene za kaki, akatia ndani ya kila moja kipande cha karatasi nyeusi ya kaboni ili mwanga usipite, akazifunga kwa gundi na kuzipiga mhuri wa duka lake. Orodha akaifungia, na kila asubuhi alitutolea bahasha za siku hiyo tu. Tulipiga simu kila tulipofika kwa mjane, tukamtajia namba ya bahasha kabla ya kuifungua, naye akaandika saa. Siku moja nilipita dukani nikamwomba bahasha moja niihakiki. Alinikatalia.

"Mama, umeniambia nisimpe mtu," alisema. "Na wewe ni mtu."

Mama Urio aliacha uratibu kwa hiari yake. Aliomba kuwa mlezi wa kikundi, mahali ambapo huruma inatakiwa na haimdhuru mtu, na Daktari akakubali. Hakugusa tena karatasi ya mgawanyo. Nilimwona akiongoza wajane wenzake, maana naye alikuwa mjane, jambo ambalo katika miaka yote ile hakuwahi kulitaja ofisini. Urafiki wetu ulichukua muda kurudi. Mwaka mzima alinisalimia kwa heshima tu. Halafu siku moja ya mvua alinikuta nimelowa, akafungua mkoba, akanipa biskuti, na hatukulizungumzia tena jambo lile.

Utafiti wa pili ulichukua muda mrefu kuliko wa kwanza. Tulitembea masika na kiangazi. Gari lilikwama Oldonyo Sambu mara nyingi kiasi kwamba vijana wa pale walituzoea na kutuletea majembe bila kuitwa. Mhojaji mmoja aliacha kazi, mwingine akajifungua, nami nikarudi kushika dodoso la mahojiano ya mwanzo kwa mkono wangu. Kila mwezi nilizipanga karatasi za mwanzo sakafuni, nikatazama kama zimechanganyika. Zilichanganyika.

Majibu yalipotoka, hayakuwa yale ya kupigiwa vigelegele. Kikundi hakikuondoa huzuni. Alama za huzuni za makundi mawili zilishuka pamoja, kama vile siku zenyewe ndizo zilizozishusha. Lakini waliopitia kikundi walitoka nje. Walirudi shambani, sokoni na kanisani mapema kuliko wenzao, na walilala vizuri zaidi. Tofauti hiyo ilionekana kote, upande wa Kikatiti na wa Oldonyo Sambu. Daktari aliandika hivyo hivyo, zuri na lisilo zuri, na kwenye kurasa za mwanzo akaeleza kwa nini tulianza mara mbili. Nilitia sahihi.

Baada ya hapo nilifanya tafiti nyingi: za kumbukumbu za watoto shuleni, za usingizi wa madereva wa malori, za wazee wanaosahau. Watafiti Wakuu walipita, wengine wakali, wengine wacheshi. Bahasha zikaondoka, zikaja kompyuta, halafu simu ambazo ukibonyeza zinakuambia huyu kundi gani. Ni vizuri. Ila kila niliyemfundisha nilimpeleka kwanza nyumbani kwa mtu akatazame uso wa aliyeambiwa asubiri. Asiyeweza kuutazama uso huo bila kukimbia au bila kudanganya, nilimshauri atafute kazi nyingine, na baadhi yao walinishukuru.

Sasa nina migomba yangu, ng'ombe wawili na magoti yanayolalamika kwenye mteremko. Mwezi uliopita mchungaji wetu mpya alikuja nyumbani. Nilimkaribisha loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, akanywa, akanieleza kwamba usharika unataka kuanzisha vikundi vya faraja kwa wajane, na amesikia niliwahi kuvifanyia kazi. Aliniuliza kama vinasaidia kweli au watu wanasema tu.

Nilimwambia vinamtoa mtu ndani ya nyumba, na vinamsaidia kulala. Huzuni haviondoi, na asimwahidi mjane yeyote kwamba vitaiondoa. Nikamwambia pia asisubiri waje wanaolia peke yao, apite kila nyumba.

Aliandika kwenye kijitabu chake, kisha akainua kichwa. "Mama Kaaya, una uhakika na hilo?"

Mambo niliyo na uhakika nayo maishani ni machache, na kila mwaka yanapungua.

"Nina uhakika," nilimjibu. "Andika."